Mifumo ya "kazi ya pamoja" inatufutia kazi kimyakimya, na wanaoiuza wanasingizia mtandao!

Wakuu, salamu baadaye. Nimechoka na hawa watu.

Dukani tuliuziwa mfumo wa stoo kwa maneno matamu: wote mnaona kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Juzi saruji ilikuwa mifuko 40. Keshia kauza 15, kaandika 25, kahifadhi. Mimi nilikuwa nimeufungua ukurasa uleule tangu mapema, nasahihisha tu namba ya simu ya msambazaji. Nikabonyeza hifadhi, saruji ikarudi 40. Hakuna onyo, hakuna kumbukumbu ya nani kagusa nini. Jioni stoo ikahesabiwa, dada wa watu akaitwa mwizi mbele ya bosi.

Nikawapigia waliotuuzia. "Hilo ni tatizo la mtandao wenu, kaka."

Mtandao gani? Nimechungulia kinachotumwa: hata uguse sehemu moja, mfumo unarusha fomu nzima kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza rekodi zetu), na anayehifadhi mwisho ndiye mshindi. Huo "mwisho" wenyewe unapimwa kwa saa ya simu! Simu ya dereva wetu iko mbele dakika kumi. Akiandika yeye, kwa dakika kumi zinazofuata chochote tunachoandika sisi kwenye rekodi ile seva inakiona cha zamani na kukitupa. Mwanasayansi wa kompyuta Lamport alionyesha mwaka 1978 namna ya kupanga matukio ya kompyuta nyingi bila kutegemea saa za namna hiyo. Watafiti Ellis na Gibbs wakaeleza mwaka 1989 jinsi watu wanavyoweza kuhariri andiko moja kwa pamoja bila kukanyagana. Wengi humu hata hatujazaliwa.

Wala sidai maajabu. Kila rekodi iwe na namba ya toleo, inayopanda kila ikibadilishwa; nikileta mabadiliko ya toleo la 7 na seva iko la 8, inikatalie na inionyeshe mwenzangu kabadili nini. Na kwenye stoo usitume "idadi ni 25", tuma "punguza 15". Wauzaji wawili wakituma kwa mpigo, hesabu inatoka sawa yeyote atakayetangulia. Kila tendo lipewe namba yake, ili mtandao ukikatika likatumwa tena lisihesabiwe mara mbili.

Badala yake wametuwekea viduara vya rangi vyenye picha zetu juu ya skrini, eti ujue nani yuko ndani. Kimoja ni cha kijana aliyeshaacha kazi, kinawaka kijani mpaka leo.

Kuna mfumo wa stoo mliowahi kuufungua watu wawili ukurasa mmoja, mkahifadhi wote, na usifute kitu? Utajeni. Leseni ya hawa inaisha mwisho wa mwezi na silipi tena.