Ulinganisho: kichwa cha panorama kwa kamera nzito. Reli moja, safu nyingi au gimbali?

MzigoMzito (mwanzisha mada)
Wakuu, naombeni ushauri. Napiga panorama, yaani picha nyingi zinazoungwa kuwa moja pana, kwa kamera ya Fujifilm GFX 100 na lenzi ya GF 32-64 (milimita 32 hadi 64). Kamera ni gramu 1,400, lenzi 875, kwa hiyo ni kama kilo 2.3. Napiga zaidi ndani ya majengo, penye nguzo na samani karibu na kamera. Mandhari ya mbali ni mara chache. Hadi sasa nazungusha tu kichwa cha tufe (kile cha mpira juu ya tripodi). Za nje zinaungika vizuri, ila za ndani zinaniumiza roho: kona ya meza inatokea mara mbili, mstari wa dari umekatika.

Nimebaki na njia tatu. Kuna reli moja ya kusogeza kamera mbele na nyuma, yenye kibano kinachozunguka, kuna kichwa kamili cha safu nyingi (kinainamisha kamera pia, upige safu juu ya safu), na kuna gimbali yangu (kichwa cha kubembea) ya lenzi ndefu ambayo naweza kuiongezea reli. Ipi itabeba uzito huu bila kuyumba?

Pimamaji
Mkuu, kabla ya uzito tuseme kwanza kwa nini meza inatokea mara mbili. Kamera inazunguka kwenye skrubu ya chini, wakati mwanga unaingilia mbele zaidi, ndani ya lenzi. Tuseme pengo hilo ni sentimita 10. Ukigeuza digrii 20, pointi ya kuingilia mwanga inahama sentimita 3.5 hivi. Kwenye milimita 64, kwa sensa yako, kitu kilicho mita 1 kinasogea karibu pikseli 600 ukilinganisha na ukuta wa mbali sana. Kilicho mita 100 kinasogea kama 6 tu. Ndiyo maana mandhari haikusumbui.

Reli ndiyo dawa, na hata reli moja inatosha kuiondoa paralaksi (huko kusogea kwa vitu vya karibu) ya kugeuka kushoto na kulia. Swali ni kama unataka dari. Kwenye milimita 32, kamera ikiwa imesimama wima, safu moja inakupa digrii kama 69 kutoka juu hadi chini. Kinachozidi hapo huna.

MzigoMzito
Dari naitaka. Wateja wangu wengi wananiita kwa ajili ya dari hasa.

Lenzi_Ndefu
Basi gimbali unayo tayari, ongeza reli umalize. Yangu inabeba lenzi ya kilo 4 na ninaisogeza kwa kidole kimoja. Hicho chako ni kidogo kwake.

FundiKibano
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kamera nzito alielewe. Gimbali inasogea kwa kidole kwa sababu kitovu cha uzito kimekaa kwenye mhimili. Panorama inataka pointi ya kuingilia mwanga ndiyo ikae kwenye mhimili. Ni sehemu mbili tofauti. Ukiweka lenzi inavyotakiwa, mwili wa kamera unabaki nyuma unaning'inia. Kilo 2.3 zikiwa sentimita 8 nyuma ya mhimili zinavuta karibu nyutoni-mita 1.8 muda wote. Gimbali yako imeacha kuwa gimbali, imebaki mkono unaotegemea kufuli moja. Kama kufuli ni imara, itumie. Kama inateleza hata kidogo, safu ya juu itashuka katikati ya kazi.

Kwa hiyo usidanganywe na namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, na mzigo uliosimama juu ya kitovu si sawa na mzigo unaoning'inia pembeni. Kwenye kichwa cha safu nyingi angalia unene wa mkono wa wima, upana wa kibano, na kama mhimili wa kuinamisha una meno au vituo vya kufungia. Vituo hivyo ndivyo vitakavyokusaidia.

Kivuli
Kichwa cha roboti je, kinachogeuza kamera chenyewe? GigaPan Epic Pro inabeba hadi kilo 4.5 hivi.

FundiKibano
Kwa mandhari yenye mamia ya picha, sawa. Kwa chumba ni polepole, na bado lazima upange reli kwa mkono.

Pimamaji
Naongezea la chini, maana watu hulisahau. Toa kichwa cha tufe kabisa, weka kitako cha kusawazisha (kipande cha juu ya miguu kinachokiweka kichwa sawa). Tufe likiwa chini ya mkono mzito ndilo la kwanza kulegea. Na ukizungushia chini ya tufe wakati miguu haijalingana, upeo unatoka umepinda kama wimbi.

Vituo vya kuzungukia: milimita 32 wima, digrii 36, picha 10 kwa mzunguko. Milimita 64, digrii 20, picha 18. Zote zinaacha mwingiliano wa karibu asilimia 30 kati ya picha na picha jirani.

MzigoMzito
Na pointi yenyewe naipataje? Lenzi yangu ni zumu, urefu wake wa fokasi unabadilika.

DadaPanorama
Kaka, simamisha fimbo mbili wima, moja karibu, nyingine mbali, zipangane katikati ya fremu. Geuza kamera kulia. Fimbo ya karibu ikikimbilia kushoto kwa ile ya mbali, kamera iko mbele mno, irudishe nyuma. Ikikimbilia kulia, isukume mbele. Rudia mpaka zisiachane. Kwa zumu pointi inahama kila ukibadili urefu, kwa hiyo andika namba ya reli kwa 32 na kwa 64, ubandike karatasi kwenye reli. Mimi situmii urefu wa katikati kabisa.

MzigoMzito
Nimejaribu leo kwa gimbali na reli ya kuazima. Safu ya kati imeungika safi, kona ya meza ni moja! Ila nilipoinua digrii 45 kufuli imeteleza, nimeona kwa macho kamera ikishuka, kama alivyosema Fundi. Naenda na safu nyingi yenye vituo, juu ya kitako cha kusawazisha. Gimbali inarudi kwenye kupiga picha za ndege wa angani.