Naomba ushauri kuhusu mikaratusi chotara ya GC kwa ajili ya nguzo za umeme

Ndugu wataalamu na wakulima wenzangu wa miti, nina shamba wilayani Mufindi, kwenye baridi na ukungu mwingi, na ninakusudia kupanda mikaratusi ya nguzo za umeme. Muuza miche mmoja ananishawishi nichukue chotara ya aina mbili za mikaratusi, grandis na camaldulensis, yaani GC, inayozalishwa kwa vipandikizi vya mti mama mmoja (kloni moja), akisema kuwa shamba zima litanyooka na kulingana unene. Hoja hiyo naielewa, kwani mnunuzi wa nguzo hukataa mti uliopinda hata uwe mnene kiasi gani.

Hata hivyo, chotara hiyo, ambayo Kenya iliipokea kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997, inasifiwa zaidi kwa kuvumilia joto na ukame, mambo ambayo huku si tatizo letu. Je, yupo aliyeipanda nyanda za juu akafikia kuvuna, au nibaki na grandis ya mbegu bora?

Linalonitia hofu zaidi ni nyigu mdogo aitwaye Leptocybe invasa, anayetaga mayai kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, vinundu vikaota na machipukizi yakajikunja. Miche yote ikiwa ya nasaba moja, udhaifu wa mmoja ni wa shamba zima. Nichanganye kloni ngapi, na kwa mpangilio gani? Muuzaji huyo, kwa bahati mbaya, hawezi hata kunitajia namba ya kloni anayoiuza.