Walimwambia mdogo wangu "kesi ilishafutwa, weka hapana", sasa kibali cha usalama kinaota mbawa

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Uzi huu ni wa Watanzania mlioko Marekani mnaoomba kazi za serikali, au za kampuni zenye mikataba ya serikali, zile zinazodai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Mods, naomba msiuunganishe na nyuzi nyingine.

Mdogo wangu yuko Texas, ameshakula kiapo cha uraia, ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Alipokuwa chuo alikamatwa kwa kuiba nguo dukani. Kesi ikafutwa, na baadaye akapata amri ya korti ya kufuta hata rekodi ya kukamatwa. Nakala ninayo hapa, muhuri unaonekana vizuri kabisa. Kwa sheria ya Texas, mwenye amri kama hiyo anaruhusiwa kukana kwamba aliwahi kukamatwa.

Akapata kazi nzuri, akapewa SF-86, fomu ya kuombea kibali hicho, ajaze. Alipofika kifungu cha 22, cha rekodi za polisi, akasita, akampigia afisa ajira wa kampuni. Akajibiwa: "Kesi ilishafutwa, weka hapana, usijitafutie matatizo." Akauliza na huku kwetu. Jamaa mmoja anayejiita mshauri wa mambo ya uhamiaji akamwambia hivyo hivyo, na wakubwa wengine wakaitikia.

UONGO MTUPU! Kifungu chenyewe kinasema utaje tukio hata kama rekodi imefungwa, imefutwa, au shtaka limetupwa nje. Kinachoachwa ni hukumu chache za dawa za kulevya zilizofutwa kwa amri chini ya sheria za serikali kuu. Amri ya korti ya jimbo haimzuii mpelelezi wa Washington kukuuliza. Na msidanganyane na ile "miaka 7", eti ya nyuma zaidi ya hapo hayaulizwi. Ni kweli maswali kadhaa yanaishia hapo, lakini yako yanayouliza maisha yako yote: kosa kubwa la jinai, kesi za silaha, za pombe au dawa za kulevya, za ukatili wa nyumbani. Kwa hiyo wewe uliyeshtakiwa kwa kuendesha gari umelewa mwaka 2009, inakuhusu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kosa lenyewe lilikuwa linasameheka! Mwongozo wa kuamua nani apewe kibali, unaotumika tangu Juni 2017, una vigezo 13, na jinai ni kigezo J. Hapo wanaangalia muda uliopita, mazingira ya tukio, na mtu amejirekebisha vipi. Hata aliyehukumiwa na kukaa jela zaidi ya mwaka mmoja, ambaye sheria ya 2008 inamzuia kufikia siri za ngazi nyeti kabisa, amewekewa mlango wa kuombewa msamaha maalumu. Sasa kijana wa nguo za dukani angeshindwa wapi?

Ameshindwa kwenye kigezo E, cha uaminifu. Barua ya sababu, ile inayoeleza kwa nini wanataka kukunyima kibali, imekuja: wizi umepewa aya moja fupi, kuficha kumepewa aya mbili. Amepewa siku 20 kujibu, kwa maandishi na kwa kiapo. Na kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ile ni kosa la jinai, kifungo chake kinafika miaka 5. Yaani walitaka kumnusuru na kesi iliyokufa, wakamtafutia iliyo hai!

Kigezo E kinakubali utetezi wa kupotoshwa, lakini aliyekupotosha lazima awe wakili, au mtu ambaye kazi yake ni kushauri kuhusu taratibu hizi za usalama, na wewe uwe umesema ukweli wote mara tu ulipojulishwa. Mshauri wa mtaani hahesabiki. Afisa ajira naye tulipomwomba aandike alichosema, akajibu hakumbuki mazungumzo hayo. Hakumbuki! Simu ya dakika kumi na tano aliyopiga kijana akiwa amekaa pembeni yangu!

Kama kuna mdau humu aliyewahi kujibu barua ya sababu yenye E na J kwa pamoja, au anayemjua wakili wa kesi za vibali (si wa uhamiaji, ni kazi tofauti), aje PM leo. Na wewe uliyetuma fomu ukaficha kitu kwa ushauri wa watu hawa, mwambie mpelelezi mwenyewe kabla hajakuuliza. Yule afisa ajira bado yuko kazini, na wiki hii amempigia kijana mwingine wa Kitanzania hapa mjini kwetu.