Mkojo unamtoka mdogo wangu tangu ajifungue, nifanyeje?

DadaMtu
Naombeni msaada. Mdogo wangu alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto akazaliwa amefariki. Leo ni siku ya 12. Siku ya sita alianza kutokwa na mkojo, na haujakata: akikaa unatoka, akilala unatoka. Mama mkwe wake anasema kibofu kimelegea, kitarudi chenyewe. Ameacha kunywa maji ili asilowe, na hataki mtu aingie chumbani.

Mkunga_mstaafu
Poleni sana kwa msiba, mwanangu. Kibofu kilicholegea huvuja mtu akikohoa au akinyanyua mzigo. Unaotiririka hata usingizini unanitia shaka ya fistula. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena, damu haipiti, nyama ya hapo inakufa. Siku kadhaa baadaye inameguka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Ndiyo maana haukuanza siku ile ile. Mpelekeni hospitali sasa hivi! Tundu dogo likiwahiwa, mpira wa mkojo ukikaa wiki 4 hadi 6 unaweza kulifunga bila kisu.

Mama_Wawili
Dada, yamenipata hayo. Mimi pia niliacha maji, na nilijiumiza: mkojo ukawa mkali, harufu ikazidi, mapaja yakachubuka hadi nikashindwa kutembea. Anywe maji tele, ajioshe mara kwa mara, ajipake vaselini. Muulize pia kama mguu mmoja unaburuta. Wangu uliburuta, kumbe mishipa ya fahamu nayo ilibanwa, nisingeulizwa nisingesema.

Mimi nilichelewa, ikabidi nipasuliwe. Kwanza daktari alinijaza maji ya rangi ya buluu kwenye kibofu, na pamba aliyoweka ukeni ikatoka ya buluu. Nililia kwa nafuu, maana nilikuwa nimeaminishwa kwamba nimerogwa. Baada ya upasuaji nilikaa na mpira siku 14, na nikakatazwa kukutana na mume wangu kwa miezi kadhaa. Mtoto aliyefuata nilizaa kwa upasuaji, na yuko hapa anacheza. Siku mpira ulipotolewa nilikaa kwenye shuka asubuhi nzima, kila mara naligusa. Kavu.

DadaMtu
Nimemsomea yote, mlango umefungwa, tuko wawili tu. Aliposikia habari ya mguu akaniambia wa kushoto umekufa ganzi tangu siku ile. Amekunywa bilauri mbili. Tunaondoka alfajiri.