Naombeni ushauri, nimepewa dakika 5 za kumzungumzia profesa wangu marehemu
Habari zenu wakuu, profesa wangu wa historia ya sanaa ametutoka na familia imeniomba niongee siku ya kumbukumbu yake. Naandika nafuta, naandika nafuta, machozi tu, maana yule mzee alinilea kama mwanae.

Ninachokumbuka zaidi ni kipindi chake cha kwanza kabisa, alizima taa akaweka slaidi ya Las Meninas, ule mchoro wa familia ya mfalme wa Hispania aliouchora Velázquez mwaka 1656, akakaa kimyaa muda mrefu sisi tunaangaliana tu, halafu akauliza taratibu "mfalme yuko wapi?" Nikaja kumuona mwishoni kabisa, kwenye kile kioo kidogo cha ukutani kule nyuma, yeye na malkia. Toka siku ile siangalii picha haraka haraka.

Sasa nawaza nifanye hivyo hivyo, nizime taa, niiweke ile picha, tukae kimya dakika 2 ndo niongee. Ila naogopa wazee wa familia wasije wakaona sijamheshimu marehemu. Mliowahi kuongea kwenye shughuli kama hii, nifanye au nisome hotuba tu? Na ruhusa nimuombe mjane mwenyewe au nipitie kwa mtoto wao mkubwa?