Hadithi za kwenye tableti kwa watoto mchanganyiko, msaada jamani

mamabaraza_mld
Asalaam aleikum wakuu. Niko Malindi, baada ya swala ya alasiri nakaa na watoto wa mtaa barazani tunasoma, tableti ziko mbili tu. Sasa humo kuna Wagiriama, Wabajuni, Msomali mmoja na wawili baba yao Mtaliano, na ile apu niliyopewa imejaa theluji na makasri, watoto wanapekua picha tu basi. Wapi ntapata vitabu vinavyowahusu, tena visinimalizie bando??

mshela
Waaleikum salaam dada. Ingia African Storybook, ni saiti ya hadithi za watoto ya Saide, shirika la elimu kule Afrika Kusini, ipo tangu 2014 na haina malipo. Kiswahili kimejaa, hadithi zina ngazi tano kuanzia maneno ya mwanzo mpaka zile za kumsomea mtoto kwa sauti, na wana apu yao ya kusoma bila intaneti kwa hivyo daunlodi kwa mtu mwenye waifai urudi zako nyumbani. Halafu kuna StoryWeaver ya Pratham Books, wale Wahindi. Usiseme hii ya India haituhusu, wangu huku Lamu walipoona tuktuk ukurasani walipiga kelele "hii ya Malindi!", wakang'ang'ania kitabu chote mpaka magharibi ikaingia, kasri haijawahi kuwafanyia hivyo.

babu_wa_gede
Nyinyi endeleeni na vioo vyenu tu. Sisi tulikuwa na paukwa pakawa, bibi yuko pale pale na hachajiwi 😂

mshela
Babu shkamoo. Sasa huyo bibi ndo namtaka! Hadithi za hizo saiti mbili zina leseni za Creative Commons, yaani waruhusiwa kutafsiri na kubadilisha bora umtaje mwenyewe, na unaweza kutunga mpya. Dada mrekodi nyanya wa yule mtoto wa Kigiriama, muandike alivyosema kwa Kigiriama chake, wekeni picha kutoka benki yao ya picha, kisha wale wa Mtaliano baba yao awatilie Kitaliano. Hadithi moja, watoto wote wamo, na hakuna anayejiona mgeni barazani.

fundi_skrini
Naongeza, Storybooks Kenya pia ni nzuri, zimechukuliwa hadithi 40 humo humo African Storybook zikatiwa na sauti. Asiyejua kusoma vizuri asikiliza huku akifuata maandishi, ila sauti yala bando kweli kweli jihadhari.

babu_wa_gede
Haya, bibi akirekodiwa mimi sina neno. Lkn msimkatizekatize, na ile nyimbo ya katikati iacheni kama alivyoiimba, hio haitafsiriki.

mamabaraza_mld
Allah awajaze. Swali la mwisho, nikipiga picha mwenyewe, mnazi, mashua, nyumba ya makuti, zakubali kupandishwa?

mshela
Zakubali. Watoto wa watu tu ndo usiwapige nyuso bila kuwaambia wazazi.