Kufunga mgahawa kwa muda chini ya mkataba wa franchaizi: ni wakati gani huhesabiwa kuwa kutelekeza?

MgahawaKampala
Waheshimiwa, ninaendesha mgahawa wa kuku hapa Kampala kwa jina la chapa ya kigeni, chini ya mkataba wa franchaizi wa miaka kumi, yaani namlipa mwenye chapa ili nitumie jina na mfumo wake. Barabara iliyo mbele yetu imechimbwa ili kujenga mitaro, magari ya wateja hayaingii, na mauzo yameshuka mno. Ningependa kufunga kwa wiki sita hadi kazi hiyo ikamilike, na wakati huohuo nibadilishe sakafu ya jikoni. Mkataba unasema kwamba kutofungua kwa siku tano mfululizo bila idhini ya maandishi ni kutelekeza biashara, na kwamba mwenye chapa anaweza kuuvunja papo hapo bila kunipa muda wa kurekebisha. Meneja wao wa kanda ameniambia kwa simu kwamba hakuna shida. Je, maneno hayo yanatosha?

WakiliNakasero
Ndugu, hayatoshi. Mikataba ya aina hii mara nyingi ina kifungu kinachosema kwamba hakuna msamaha utakaotambuliwa usipotiwa saini na afisa aliyetajwa, na afisa huyo kwa kawaida si meneja wa kanda. Uganda haina sheria mahsusi ya franchaizi. Kinachotumika ni Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 pamoja na yale mliyoandikiana.

Siku tano hizo zinafanana na sheria ya jimbo la California, Marekani, ambako kutofungua kwa siku tano mfululizo huhesabiwa kuwa kutelekeza, isipokuwa kama kumesababishwa na moto, mafuriko, tetemeko la ardhi au jambo jingine kama hayo lililo nje ya uwezo wa mwendeshaji. Waandishi wa mikataba huchukua zile siku na kuuacha ule msamaha wa majanga, kwa hiyo angalia kama wako unao. Hata ukiwepo, barabara iliyochimbwa haikuzuii kupika, na hasara peke yake haiufanyi mkataba kuwa jambo lisilowezekana kutekelezwa. Sakafu ndiyo itakayokuharibia hoja zaidi, kwa kuwa huo ni uamuzi wako mwenyewe.

MkongweJinja
Niliwahi kufunga tawi kwa matengenezo chini ya chapa nyingine. Barua yangu ilitaja sababu, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua na wafanyakazi watakaoendelea kulipwa. Nilipiga picha tangazo la mlangoni lenye tarehe ya kurudi, na vikaango vikiwa vimefunikwa lakini bado vimeunganishwa na umeme, ili asitokee mtu wa kudai kwamba nimehama. Kumbuka kwamba idhini ya kufunga haisimamishi mrabaha wa kima cha chini (malipo ya kutumia chapa yanayodaiwa hata usipouza) wala ada ya matangazo; hayo yaombe katika barua hiyohiyo, pamoja na wiki sita kuongezwa mwishoni mwa mkataba. Soma pia mkataba wa pango, maana katika majumba makubwa ya biashara kufunga milango bila ruhusa ni kosa linalojitegemea.

DadaEntebbe
Wapo wanaoshauri kufungua dirisha moja kwa saa mbili kila siku ili hesabu ya siku tano ikatike. Mimi siuamini ujanja huo, kwa sababu mkataba kwa kawaida hutaja saa za kazi na menyu kamili. Afadhali uombe kwa barua uruhusiwe menyu fupi ya kupelekwa kwa bodaboda. Mwenye chapa anayeendelea kupokea mrabaha hana haraka ya kuvunja mkataba.

MgahawaKampala
Asanteni sana. Na wakikataa, nami nikafunga?

WakiliNakasero
Wakiuvunja mkataba, utashusha mabango, utaacha kutumia jina, na huenda ukazuiwa kufanya biashara ya aina hiyo kwa muda, huku dhamana binafsi uliyotia saini, yaani ahadi ya kulipa madeni ya biashara kwa mali yako mwenyewe, ikibaki palepale. Wakidai kiasi kilichopangwa kabla kwa miaka iliyosalia, Sheria yetu ya Mikataba huiwezesha mahakama kutoa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Lakini kama mkataba unatawaliwa na sheria ya nchi nyingine na usuluhishi unafanyika huko, utetezi wako utaupeleka hukohuko, kwa gharama zako. Kwa hiyo usifunge kabla ya kupata jibu. Ambatisha ratiba ya mkandarasi wa barabara, uombe wiki nne kwanza pamoja na haki ya kuongezewa, na sakafu uiweke katika ombi la pekee.